Mpishi wa Chumba cha Uani

Kwenye sufuria zake hakuna mtu mwingine aliyegusa chumvi. Akina mama wa mtaa walikuja na vijiko vyao, kila mmoja akitaka kuonja mchuzi na kutoa maoni, naye alisimama mbele ya mafiga, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya suruali, akawaambia, "Mama zangu, shikamooni. Rudini mkamenye vitunguu." Aliwaamkia hata wale aliowazidi umri, ili wasipate pa kukasirikia. Walicheka, wakarudi kwenye vitunguu. Chumvi ilibaki yake.

Igoma nzima, pale Mwanza, ilimwita Mpishi, nami nitamwita hivyo. Jina lake ninalijua. Habari za alikozaliwa na ukoo wake alinisimulia kwa namna mbalimbali, na kila namna niliiamini siku niliyosimuliwa, kwa hiyo hizo niziache. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, maana aliishi uani kwetu muda mrefu, na ni mimi niliyekuwa mwenye nyumba wake.

Alikuja kupika kwenye msiba wa mama. Baba alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa kidato cha pili, Kabula anayenifuata alikuwa shule ya msingi, na Masanja, kitinda mimba, bado alikuwa akilala na kanga ya mama. Siku ya kumaliza matanga Baba Mdogo alisimama akatugawa. Kabula aende kwa shangazi Shinyanga. Masanja aende kwake Kisesa akachunge. Mimi nilikuwa nimekua, nitafutiwe mtu. Nyumba yeye ataiangalia.

Nikasema, "Baba Mdogo, sisi hatugawanyiki."

Wazee wakatabasamu, kama mtu anavyotabasamu mtoto akisema ataoa nyota. Mmoja akaniuliza, "Mtakula nini, binti?"

Mpishi alikuwa uani akisugua masizi. Hakuinua kichwa. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Huyo binti ana chumba cha uani hakina mtu. Nakipanga mimi, kuanzia leo."

Hakuna aliyemwomba. Hakuwa amekiona chumba kwa ndani, na bati lake lilivuja. Lakini wazee walitazamana, na swali la tutakula nini likawa limepata jibu dogo. Shule niliiacha. Nikaanza kukaanga chapati barabarani, baadaye nikaingia kwenye dagaa, na hatukugawanyika.

Siku ileile nilijifunza jambo lake la pili baada ya chumvi. Sufuria hakumwachia mtu aoshe. Hata kama shughuli imekwisha na watu wote wamelewa au wamelala, yeye alibaki akisugua, kisha akazipanga chini, kubwa kwanza, zote kifudifudi. "Hapo sasa msiba umeisha," aliniambia. "Watu wanadhani padri ndiye anayefunga. Sufuria zikiwa bado zinatazama juu, mtu yeyote anaweza kurudi kuomba wali."

Alikuwa mbinafsi wa vitu vidogo. Sabuni yake aliikata alama kwa kucha ajue kama Masanja ameitumia. Lakini Masanja huyohuyo alifanya hesabu zake zote za shule juu ya sufuria kubwa iliyolazwa, Mpishi akiwa pembeni na mwiko, na kila Masanja akikosa sufuria ilipigwa ikalia kama kengele. Kanisani hakukosa. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, akaimba vibaya kwa moyo wote, na wakati wa kupeana amani alikuwa tayari nje. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwenye Nyumba, amani yangu naipokea barabarani."

Alinizidi umri kwa mbali sana, lakini aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, Mwenye Nyumba, mwanzoni kwa utani. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi naye akajibu, "Marahaba, Mwenye Nyumba, bati linavuja."

Mtaani alisema yeye ni Mhaya wa Kagera. Igoma ni mji wa waliotoka kwingine, na kwa Wasukuma wa mtaani Kiswahili chake kilichoburuta mwisho wa maneno kilitosha kuwa cha Kihaya. Hata majivuno aliyajifunza. "Sisi Wahaya," aliwaambia wauza mkaa, "gunia kama hili kwetu tunampa mgeni akaotee moto njiani." Walimpenda kwa hilo. Lakini familia ya Kihaya ikija kumtafuta awapikie, siku hiyo malaria ilimpanda. Nilidhani anaogopa majivuno ya kweli yasije yakameza yake ya kuazima.

Jumapili mchana ndipo wageni wake walipokuja. Wanaume, siku nyingine wawili, siku nyingine uani pakajaa. Waliovuka mpaka pale Mutukula walikuja kwa basi kutoka Bukoba, wengine walikuja kutoka Kisumu kupitia Sirari, na mmoja alitoka Bujumbura akiwa hana kitu ila viatu vizuri sana. Wengine walikaa wiki, wakaendelea Dar au Nairobi. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakimenya ndizi, na walizungumza habari za miji kama wakulima wanavyozungumza mvua. Kahama kumechafuka. Kisumu kuna nafuu kidogo. Usishukie stendi ile, shukia kabla. Fulani alirudi kwao kumzika baba yake, hajaonekana tena.

Wao walimwita Senga. Nilimuuliza maana yake, akasema ni shangazi, kwa lugha ya huko juu. Nilicheka. Yeye hakucheka. "Kwetu shangazi ndiye anayekufundisha kuishi na mtu," alisema. "Hawa hawakuwa naye."

Naye aliwafundisha kwa ukali. Kijana aliyecheka kwa sauti ya juu alitupiwa ganda la ndizi. "Hapa si Kampala. Na Kampala yenyewe umeikimbia." Mwingine alikuja na hereni, ikavuliwa mlangoni ikakaa kwenye kopo la majani ya chai hadi alipoondoka. Redio iliwekwa kwaya kwa sauti kubwa, na majirani waliposifu ucha Mungu wa wageni wa Mpishi, yeye aliinamisha kichwa na kusema asante. Chini ya ile kwaya walitaniana.

"Senga, huyu Mjaluo wako leo amenyoa ndevu, anakwenda kwa nani?"

"Anakwenda kanisani. Wewe menya."

"Kanisa gani linataka mafuta ya nazi shingoni?"

"Menya, nimesema! Hizo ndizi zako zina maganda kuliko wewe ulivyo na aibu."

Mjaluo wake alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, mrefu, mkimya, mwenye rangi kavu chini ya kucha. Alikuja kutoka Kisumu kila baada ya miezi kadhaa. Nilijua siku ya kuja kwake kwa kuwa Mpishi alipiga pasi mashati mawili badala ya moja, akayatundika kambani yaning'inie bega kwa bega, na siku hiyo hata mimi sikukemewa.

Siwezi kusema ni lini nilijua. Sikuwa na maneno ya jambo lile, na yale niliyoyasikia sokoni yalikuwa matusi. Padri alilisema altareni mara moja na nilijisikia vibaya, nikatazama benchi la nyuma. Sheria ya kwetu nayo niliijua, haina upole. Nililala na hayo, nikaamka na hayo. Siku moja nilikuwa nachambua dagaa, akaja akasimama karibu bila sababu.

"Mwenye Nyumba, unajua mimi ni nani?"

"Wewe ni mpangaji wangu."

"Na wale wanaokuja?"

"Wale ni wageni wa mpangaji wangu. Shika ungo huu, upepo huo."

Akashika ungo. Tukapepeta hadi jua likatua, na jambo hilo hatukulirudia kwa miaka.

Kisha Kabula akachumbiwa.

Kijana alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mstaarabu, na kwao ni Kagera. Wahaya wa kweli. Nilimwambia Mpishi kama hataki nitatafuta mpishi mwingine siku ya mahari. Akanitazama kama nimemtukana. "Kabula aozwe na wali wa mtu mwingine? Nimemfunga mimi mtoto huyu riboni za shule."

Nilimwambia tu apike pilau. Angepika pilau, ningekuwa naandika mambo mengine leo. Lakini alitaka kumheshimu Kabula kwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Jioni ya kuamkia siku hiyo aliniambia anataka majani ya mgomba mengi, mabichi, yasiyochanika. Akazimenya ndizi, akazifunga kwenye majani kama mtu anavyomfunga mtoto mchanga, akapanga vikonyo vya majani ndani ya sufuria ili ndizi zisiguse maji, akaziacha kwa mvuke wa moto mdogo. Asubuhi alizikandamiza zikiwa ndani ya majani kwa mikono yake. Zilipofunuliwa zilikuwa laini, za manjano, zina harufu niliyokuwa sijaisikia hapo uani tangu afike.

Wageni walikula. Katikati yao alikaa bibi wa bwana harusi, mzee sana, mdogo kwenye kiti, ambaye ilisemekana hali chakula nje ya kwake. Alionja. Akaweka mkono chini.

"Nani amepika hizi?"

Baba Mdogo, aliyekuwa amekaa kiti cha baba wa binti, akajibu kwa furaha, "Mpishi wetu, bibi. Mhaya mwenzenu!"

"Mhaya wa wapi? Mhaya ndizi anazipika na maharage humohumo sufuriani, zinaonana. Hizi zimefungwa kwenye majani, zikapondwa. Mwanangu, meno yangu ni machache lakini ulimi ninao mzima. Hizi ni za Baganda. Nimelelewa kwa shangazi yangu kule ng'ambo ya mpaka, sijazila tangu nilipoolewa. Mleteni huyo Mganda nimpe mkono."

Alisema kwa mapenzi matupu. Machozi yalimlenga. Mpishi alikuwa mlangoni pa jiko na jani mkononi. Bibi akamwita kwa lugha ileile ya kwao, na yeye akajibu kabla hajaweza kujizuia. Sauti yake ilibadilika, ikawa nyepesi, ya kijana mdogo anayeitwa na mama yake. Waliongea hivyo muda kidogo, yeye amechuchumaa mbele ya kiti chake. Kwa muda huo nilifurahi. Kisha nikamwona Baba Mdogo ameacha kutafuna.

Wakati huo redio zilikuwa zikizungumza kila siku kuhusu sheria mpya ya nchi ile na watu walioikimbia. Baba Mdogo hakuhitaji zaidi. Alikuja siku iliyofuata, akakataa kiti.

"Unamjua mpangaji wako?"

"Namjua."

"Mtu anayeficha kwao anaficha na mengine. Ana mke?"

"Padri naye hana."

"Padri ana kiapo. Huyu ana wageni." Akashusha sauti. "Una mdogo wa kiume humu ndani, binti. Una mdogo wa kike anayekwenda kwenye ukoo wa watu. Huyo mtu atoke kabla ya harusi. Asipotoka, mimi sisimami. Tutaona nani atamtoa Kabula bila mzee wa upande wa baba. Na habari ya nyumba hii tutaipeleka kwenye kikao cha ukoo."

"Hatoki, Baba Mdogo."

"Basi umechagua."

Kabula alilia pande zote mbili. Alitaka kuolewa, na alitaka Mpishi abaki, na alinitazama mimi nimpe vyote, kama alivyokuwa akinitazama utotoni. Masanja alisema atalala mlangoni pa Mpishi. Nilimkataza, maana hilo ndilo walilokuwa wakilisubiri kulisema. Mjumbe wa mtaa akapita na kuuliza kama mpangaji ana kibali. Mchana mmoja jiwe likatua juu ya bati la uani, tukalisikia likibingirika lote hadi chini.

Nikahamisha jiko langu. Nikaliweka mbele ya mlango wake, na kikaango, na beseni la unga, nikakaa hapo mchana kutwa nikikaanga chapati nilizokuwa nikikaanga barabarani. Aliyemtaka Mpishi ingebidi anivuke mimi na mafuta ya moto. Yeye alikaa ndani nyuma ya pazia, na tuliongea hivyo bila kuonana.

"Mwenye Nyumba, hiyo inaungua upande mmoja. Naisikia harufu."

"Toka uigeuze."

"Nikitoka watanigeuza mimi."

Nilicheka, kisha sikucheka tena. Akaniambia jambo moja la kwao, na hili sikulisikia kwa namna nyingine yoyote, ndiyo maana naliamini mpaka leo. "Kule walikula pilau yangu Jumamosi, harusini. Jumatatu wakaja na mafuta ya taa. Kulikuwa na mtu anasema choma, choma. Nilimtambua kwa sauti. Nilimpikia mtoto wake siku ya kipaimara." Pazia likatikisika kidogo. "Sikuogopa moto kama nilivyoogopa kumtambua. Hapa kwako nawatambua wote."

"Hapa kwangu hutoki," nikamwambia.

"Nimesikia, Mwenye Nyumba."

Nilikwenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi moja kuchukua dagaa, kwa kuwa biashara haiwezi kusimama moja kwa moja. Niliporudi jiko langu lilikuwa limerudishwa mahali pake pa zamani na majivu yamezolewa. Katikati ya uani sufuria zote zilikuwa zimeoshwa, zimepangwa kubwa kwanza, zimelazwa kifudifudi. Hata kasufuria ketu ka chai. Sikwenda kuchungulia chumbani.

Harusi ilifanyika. Baba Mdogo alisimama, suti mpya, akamtoa Kabula kwa sauti iliyotetemeka vizuri. Wali ulikuwa na mawe. Bibi mzee alinivuta mkono, akaniuliza, "Mganda wangu yuko wapi?"

"Amesafiri, bibi."

"Amerudi kwao?"

Nikamwongezea soda, kwa sababu sikujua kwao tuseme ni wapi.

Miaka ikapita. Dagaa zangu zikafika hadi Sirari, mpakani, nikawa napeleka siku za gulio. Siku moja nilikuwa nashusha magunia, nikaona mtu mrefu amesimama pembeni, ana rangi kavu chini ya kucha. Ndevu zilikuwa na mvi. Mchoraji wa Kisumu.

"Dada, nimekusubiri gulio la pili sasa," alisema. "Anahitaji mtu wa kwao. Upesi."

Tulivuka kwa miguu pamoja na watu wa sokoni, hadi kwenye hoteli ya bati upande wa Kenya. Njiani alinieleza yote. Mpishi anapika pale, na pale amesema yeye ni Mtanzania, Msukuma wa Mwanza, wa Igoma, yatima, ana dada mwenye nyumba. Sasa maneno yameanza huko pia. Mama mwenye hoteli ni mtu mwema lakini anaogopa, amemwambia alete ndugu mmoja anayeonekana kwa macho, la sivyo aende zake.

Mama huyo alinipokea mlangoni, mwanamke mkubwa, mikono imekunjwa kifuani.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Watu wa hapa wananiuliza, mtu mzima hana watu? Hajawahi kuja hata mmoja. Mimi nitawajibu nini?"

"Wajibu ana watu. Sisi ni wanne. Kuna Kabula ameolewa Kagera, kuna Masanja anasoma, kuna huyu. Mimi ndiye mkubwa."

Alinitazama, akatazama jikoni, mahali ambapo niliona mgongo niliojua, umepungua. "Mkubwa? Huyu ana mvi kichwa kizima."

"Kwetu mkubwa ni aliyebaki na nyumba. Wote waliobaki ni wadogo zangu. Akikukosea, mtu wa kuitwa ni mimi, na nitakuja. Kila gulio niko Sirari, muulize mtu yeyote wa dagaa."

Alifikiri. Sijui kama aliniamini. Nadhani alikuwa akitafuta tu kitu cha kuwaambia watu, akawa amekipata, na hakitatosha siku zote. Akafungua mikono. "Pita ndani, msalimie ndugu yako."

Jikoni palikuwa na moshi. Mpishi alikuwa amesikia kila neno, maana hakugeuka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Mwenye Nyumba." Akafuta macho kwa kiwiko, akalaumu moshi. "Bati?"

"Tulilibadilisha."

"Na chumba changu amekaa nani?"

"Magunia ya dagaa."

"Dagaa!" Akageuka hapo, na alikuwa amezeeka usoni kuliko mgongoni. "Dagaa hawalipi kodi, Mwenye Nyumba. Utakufa maskini."

Tulicheka. Sikumwambia arudi. Baba Mdogo bado yuko hai, mjumbe ni yuleyule, na Mpishi mwenyewe hakuuliza. Nje mchoraji alikaa kwenye ngazi, amelipa jiko mgongo, analinda mlango kama nilivyowahi kuulinda mimi.

Mpishi akafunua sufuria. Akachota mchuzi kidogo, akaupuliza, kisha akanielekezea mimi mwiko.

Nikadhani nimeona vibaya. "Mimi?"

"Onja. Wewe si ndiye mkubwa?"

Nikaonja. Niliona ananitazama mdomoni kama yule bibi alivyotazamwa siku ile na watu wote.

"Chumvi haijatosha," nikasema.

"Umejifunzia wapi kupika, wewe?"

Lakini alinyoosha mkono kwenye kopo, akaongeza.